Maji ya Chumba cha Upasuaji

Hospitali ninayofanyia kazi iko juu ya kilima, upande wa Muleba, na maji yake yako chini bondeni. Miaka ile tulikuwa mafundi wawili, mimi na mzee mmoja wa Rubafu aliyeanza kazi pale kabla sijazaliwa. Chemchemi inajaza kisima cha zege, na juu kidogo ya kisima kuna nyumba ndogo yenye pampu mbili zilizofungwa bega kwa bega. Zote zinavuta kwenye bomba moja na kusukuma kwenye bomba moja, linalopanda katikati ya migomba mpaka kwenye tangi nyuma ya wodi ya wazazi. Moja inapofanya kazi, nyingine inapumzika. Ikiharibika moja, tunaifungua na kuitengeneza huku mwenzake anapandisha maji, na huko juu hakuna anayejua kwamba kuna kilichoharibika.

Mimi nimekulia Rwamishenye, mjini Bukoba, katika nyumba iliyokuwa na duka la vifaa vya baiskeli upande wa mbele. Nilisoma chuo cha ufundi, nikaajiriwa pale kilimani. Mzee alipoambiwa kwamba msaidizi wake ni msichana, aliniuliza kama nimekula. Baada ya muda nikawa namwita Tata, kama ninavyomwita baba yangu kwa Kihaya, na hakuna aliyeona ajabu.

Kitu cha kwanza alichonifundisha kilikuwa kuitenga pampu. Kabla ya kugusa nati hata moja unakata umeme wa pampu ile, unafunga valvu ya upande wa kuvuta, unafunga valvu ya upande wa kusukuma, kisha unafungua kizibo kidogo cha chini na kungoja mpaka maji yakatike kabisa. Na umeme hakuwa anaukata kwa kuzima swichi tu. Alichomoa fyuzi za pampu ile, vipande vya kauri vyeupe, akavitia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo cha mfuko.

"Sasa awashe anayetaka," alikuwa anasema.

Alisema hivyo kila mara, kwa sauti ileile, mpaka nikawa simsikii tena.

Halafu radi ikapiga. Kwetu radi si habari, kila masika inaondoka na ng'ombe au mti au mtu, lakini safari ile ilipita kwenye waya ikachoma boksi la umeme la nyumba ya pampu. Likaletwa boksi jipya, zuri, lenye taa za rangi kama la zamani na swichi ya kuzungusha kwa kila pampu. Fyuzi za kuchomoa halikuwa nazo. Swichi kubwa ya juu ilikuwa na tundu la kupitisha kufuli, ila ukiifunga hiyo unazima pampu zote mbili. Kwa pampu mojamoja hapakuwa na mahali pa kufuli. Tata alimweleza fundi aliyelifunga boksi. Yule fundi akakubali kwamba ni kweli, akasema atarudi na swichi nyingine. Katibu wa hospitali naye alifuatilia, alikuwa mtu wa kufuatilia mambo. Tukawa tunangoja.

Wakati tukingoja, Tata alichana kipande cha khanga nyekundu ya mkewe. Pampu tunayoifungua, swichi yake inafungwa kitambaa kile. Kikiwa pale, hakuna kugusa. Yeye alijua hivyo na mimi nilijua hivyo, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na shughuli bondeni, tuliona inatosha.

Kulikuwa na mtu mmoja mwingine. Wodi ya wazazi ilikuwa na mkunga, mama wa makamo, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wetu. Miaka mingi nyuma, maji yalimkatikia katikati ya kazi siku ambayo Tata alikuwa kwenye msiba Rubafu. Aliporudi, Tata alimshusha bondeni akamwonyesha. Ukikuta taa ya pampu hii ni nyekundu, ujue imezima, washa hii nyingine. Ni swichi tu, huwezi kuharibu. Na kwa siku zile ilikuwa kweli, kwa sababu pampu iliyokuwa imefunguliwa, fyuzi zake zilikuwa mfukoni mwa Tata. Mkunga angezungusha swichi mpaka achoke na kusingetokea kitu.

Siku ninayoizungumzia ilianza kwa mvua. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, ukarudi asubuhi, na tangi lilikuwa karibu tupu. Pampu namba moja ilikuwa inapandisha maji. Namba mbili ilikuwa inavuja kwenye sili, ule mpira wa ndani unaozuia maji yasipite kwenye mhimili, na Tata aliamua kuifungua siku hiyohiyo kabla haijazidi. Alizima swichi yake, akafunga kitambaa, akafunga valvu zote mbili. Nilikuwepo alipofungua kizibo, na nikaona maji yanachuruzika, yanapungua, yanakatika. Kisha akanituma juu kwa wafua nguo, ambako bomba lilikuwa limepasuka.

"Nenda tu. Hapa ni kazi ya kukaa chini," aliniambia.

Valvu ya kuvuta ya namba mbili ilikuwa imelika kwa ndani. Haikuwa inafunga kabisa, na kizibo hakikuweza kutuonyesha, kwa sababu upande wa kuvuta hautoi maji. Pampu zetu ziko juu ya kisima, kwa hiyo bomba la kuvuta likipata upenyo linanyonya hewa. Tata alipofungua mwili wa namba mbili, hewa ikaanza kupenya pale kwenye valvu na kuingia kwenye bomba la pamoja, na baada ya muda namba moja, iliyokuwa inafanya kazi vizuri kabisa, ikashika hewa. Boksi likaizima lenyewe. Taa yake ikawa nyekundu.

Juu kilimani mkunga alikuwa na mama aliyejifungua na kuanza kutokwa damu. Alikwenda kwenye bomba kunawa mikono, likakohoa, likakauka. Alimwachia mama yule mwenzake, na kwa kuwa simu haishiki bondeni, akateremka mwenyewe kwa kukimbia, kwenye utelezi, na viatu vya wodini.

Nyumba ya pampu ina vyumba viwili. Cha mbele ndicho chenye boksi la umeme. Cha nyuma kimeshuka ngazi kadhaa, na pampu ziko huko. Alisimama cha mbele akaita. Mvua ilikuwa inapiga bati, na masikio ya Tata yalikuwa yamekwishaharibiwa na miaka ya kukaa na mota zinazonguruma. Hakuna aliyeitika. Akaona taa nyekundu ya namba moja. Akaona namba mbili imezimwa, na kitambaa kichakavu kimening'inia kwenye swichi, kama mafundi wanavyotundika matambara yao popote. Akazungusha swichi.

Tata alikuwa amechuchumaa, ameshika kapolingi, kile kiungo kinachofunga mota na pampu, anakizungusha kwa mkono wa kulia kutafuta nati. Kinga ya bati inayokifunika alikuwa ameshaitoa.

Nilipoona watu wanakimbilia bondeni na mimi nikakimbia. Nilimkuta ameegemezwa ukutani, uso wake umekuwa rangi ya jivu. Mkunga alikuwa amepiga magoti mbele yake. Alikuwa amezima swichi mara tu aliposikia sauti, akaruka ngazi, na akakaza mkono juu ya kiwiko kwa kitu cha kwanza alichokipata, kile kitambaa chekundu. Mkono wenyewe, kuanzia kiwiko kushuka, sitaueleza. Mkunga hakuwa analia. Alikuwa anampigia hesabu ya kupumua, kama anavyowapigia akina mama.

Tata aliniona. Akasema, "Namba moja imeshika hewa."

Hilo tu. Wanaume wa jikoni na mtunza bustani walimweka kwenye machela wakampandisha, wanateleza, wanapokezana, mmoja anamfunika kwa jani la mgomba asinyeshewe. Nilipanda nao mpaka mlango wa upasuaji. Daktari alitoka akiwa amevaa tayari. Alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, na alinishika bega.

"Dada, mkono hauponi. Nautoa sasa hivi au namkosa yeye mzima. Dawa ninazo. Maji sina. Nina ndoo moja hapa, na wodini pale wanahitaji hiyohiyo."

"Nipe muda kidogo," nilisema.

"Sina wa kukupa. Fanya unavyoweza."

Nikashuka tena.

Sipendi kukumbuka nyumba ile ilivyokuwa nilipoingia peke yangu. Tulikuwa tunaweka gunia la maganda ya kahawa kwenye kona kwa ajili ya kunyonya oili inayomwagika. Nililimwaga lote sakafuni ili niweze kukanyaga. Nilifunga swichi kubwa kwa kufuli, ufunguo nikaubana shavuni, kwa kuwa mifuko yangu ilikuwa imelowa na sikuviamini vidole vyangu. Nikafungua boksi, nikachomoa nyaya za namba mbili, nikazizungushia tepu ya umeme ncha mojamoja. Baada ya hapo hata mtu akizungusha ile swichi yake siku nzima, mota haina pa kupata umeme.

Nilipogeuka, mkunga alikuwa amesimama kwenye ngazi. Gauni lake jeupe lilikuwa limelowa mvua na damu.

"Yule mama?" nilimuuliza.

"Bado anatoka damu. Wenzangu wanamkanda tumbo. Wamenifukuza, wanasema mikono yangu haitulii." Aliipangusa mikono kwenye gauni. "Niambie nifanye nini."

Nilitamani aondoke. Nilitamani pia asiniache mle ndani. Nikamwambia achote maji kisimani kwa ndoo.

Tukafanya kazi. Nilikata kipande cha tyubu ya pikipiki, nikakibana kwa bamba la chuma kwenye mdomo wa kuvuta wa namba mbili, nati kwa nati, nikakaza upande huu, nikakaza upande wa pili, mpaka mpira ukatokeza pembeni. Hewa haikuwa na pa kupita tena. Mkunga alileta ndoo, nikafungua kizibo cha juu cha namba moja nikamimina. Pampu iliyoshika hewa lazima uinyweshe kwanza. Maji yalishuka, mapovu yakapanda. Akaleta nyingine. Nikamimina, mapovu yakapanda tena, machache. Hakuuliza kwa nini inachukua muda mrefu. Alipanda na kushuka kwenda kisimani, na kila alipopita kwenye yale maganda ya kahawa aliangalia pembeni. Mwishowe maji yakasimama kwenye tundu bila povu, nikafunga kizibo.

"Tunawasha," nilisema. "Swichi iko chumba cha mbele, valvu iko huku, na sisi tuko wawili. Pampu ikianza, valvu ya kusukuma lazima iwe imefungwa, halafu ifunguliwe polepole. Utashika swichi au valvu?"

"Siwezi kushika ile swichi."

"Basi shika valvu."

"Na mimi nikikosea tena?"

Niliichukua mikono yake nikaiweka juu ya gurudumu la valvu, nikamwonyesha upande wa kufungulia. Nikamwambia asimame nyuma, mbali na kapolingi, na gauni alikunje kiunoni. Kisha nikafanya jambo ambalo tangu siku hiyo nimelifanya kila siku ya kazi: nilizunguka chumba kile kidogo chote, nikatazama nyuma ya kila pampu, chini, pembeni, kama kuna mkono wa mtu au mguu wa mtu. Tulikuwa wawili, nilijua tulikuwa wawili, na bado nilitazama.

Chumba cha mbele nilitoa ufunguo mdomoni, nikaita kwa nguvu zote, "Nawasha namba moja!"

"Washa," alijibu.

Nikafungua kufuli, nikawasha swichi kubwa, nikazungusha ya namba moja. Pampu iliamka kwa kelele mbaya, kama inasaga kokoto. Nikarudi kwenye ngazi. Mkunga alikuwa amekodolea macho mikono yake mwenyewe.

"Robo," nilimwambia. "Ngoja. Sikiliza. Robo nyingine."

Kokoto zikapungua. Mshale wa geji, kile kipimo cha msukumo wa maji, ukatikisika, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena ukatulia. Sauti ikawa ile ninayoijua.

"Fungua yote."

Alifungua mpaka gurudumu likagoma, na hakuliachia. Ilibidi nimbandue vidole. Tulikaa kwenye ngazi tukisikiliza maji yanavyoondoka kwenda juu mpaka mtunza bustani alipoteremka kutuambia kwamba yamefika.

Kwa maji yale walimkata Tata mkono.

Baadaye kulikuwa na kikao. Mkunga alisimama akaeleza kila kitu kwa mpangilio, bila kujitetea, na alipomaliza akabaki amesimama kana kwamba anangoja kutajiwa adhabu. Hakuna aliyemtajia. Tata alikuwa Bukoba mjini, wamempeleka kwa matibabu zaidi, na alipofuatwa kitandani aseme yake alisema, "Mimi ndiye niliyemfundisha kuwasha." Boksi lilirekebishwa ndani ya wiki ile. Kila pampu ikapata swichi yake na kufuli lake.

Alirudi kwao Rubafu, kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa. Nilikuwa nakwenda kumwona kila nilipopata nafasi ya kufika Bukoba. Kila nilipokwenda nilimkuta amekaa zaidi. Mtu ambaye hakuwahi kukaa. Hakuweza kukata mkungu wa ndizi, hakuweza kupogolea kahawa, na kanisani aliacha kwenda kwa sababu, mkewe aliniambia, haoni atampaje mtu mkono wa kushoto. Mkono aliokuwa hana ulimuuma zaidi ya ule aliokuwa nao. Aliniambia vidole vinajikunja usiku na hana pa kuvinyoosha.

Mkunga aliacha kwaya. Kazini alikuja, alizalisha, alirudi nyumbani. Siku moja alinifuata akaniomba nimpeleke Rubafu. Nilimuuliza kama ana hakika, akasema hana.

Tata alitukaribisha ndani. Tulikaa kwenye mkeka, yeye kwenye kiti karibu na mlango, mkono mtupu wa shati umebanwa kwa pini. Tulisalimiana, tukaulizana mvua na kahawa. Kisha mkunga akaanza, "Baba, nimekuja..." na Tata akamkatisha taratibu.

"Yule mama alipona?"

Mkunga alinitazama mimi, kama vile naweza kumjibia.

"Hapana," alisema. "Walijaribu. Alikwenda jioni ileile."

"Na mtoto?"

"Mtoto yupo. Analelewa na bibi yake."

Tata aliitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole, akitazama migomba. Nadhani alikuwa ameliweka swali lile tangu siku ile, na sijui alikuwa anatumaini jibu gani.

"Haya," alisema.

Mkewe alileta kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Kwetu mwenye nyumba ndiye anayempa mgeni, kwa mikono miwili, anainama kidogo. Mkewe aliinua kikapu ampe Tata, akasita, akatugeuzia sisi mwenyewe. Mkunga alipokea kwa mikono miwili. Hakuzitafuna. Alizishika kiganjani mpaka tulipoaga, na Tata alituitikia bila kunyanyuka.

Njiani tulisimama muda mrefu tukingoja gari la kurudi mjini.

"Hakunisema," alisema mkunga.

"Hakukusema."

"Bora angenisema." Kisha, baada ya gari moja kupita limejaa, "Nimeomba uhamisho. Nimeomba Goziba."

"Kisiwani? Kule kuna nini?"

"Kuna zahanati. Kuna wake za wavuvi wanazaa kama watu wengine. Maji wanachota ziwani kwa ndoo, wanayachemsha."

Aliondoka kabla ya Krismasi. Alikuwa ananipigia mara mojamoja, mtandao ukiruhusu, tukaongea habari za kawaida: samaki, malaria, kambi mpya ya wavuvi, mtoto aliyezaliwa kwenye mtumbwi kabla hajafikishwa.

Tata alifariki kiangazi kilichofuata, kwa sukari, ugonjwa ambao hakuna aliyejua anao mpaka kidonda cha mguuni kilipokataa kufunga. Nilimpigia mkunga siku hiyohiyo. Alisema atakuja.

Tulimzika kibanjani, nyuma ya nyumba. Nilimtafuta mkunga kwa macho tangu asubuhi mpaka watu walipoanza kutawanyika, sikumwona. Alipiga simu baada ya siku mbili. Ziwa lilikuwa limechafuka, alisema, mitumbwi haikutoka. Alikaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na mfuko wake tangu alfajiri mpaka giza lilipoingia, na kesho yake akakaa tena. Aliniuliza kwaya iliimba nini. Nikamtajia nyimbo, moja baada ya nyingine, jinsi zilivyofuatana, na akanisikiliza mpaka simu ikakatika.